Hawagawi dawa wala hawapimi mtu, sasa hawa watetezi wa kanda wanafanya nini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha waliopona TB na wanaoishi na VVU, tuko Muheza. Tulialikwa semina wakaja watu wa mtandao wa kanda, wanasema kazi yao ni utetezi Afrika nzima ili Mfuko wa Dunia upate hela. Tuliporudi wanakikundi wakanibana, hawa hawapimi mtu, hawagawi dawa, hata pikipiki ya kubeba makohozi hawana, hizo hela wanazopewa si bora zingenunua katriji za kupimia? Nikakosa jibu. Naomba unieleze wanafanya nini hasa, na sisi tunapata nini tukijiunga nao.

Jibu: Marahaba mwanangu. Wanakikundi wako wameuliza swali la maana sana na wala usiwaone wakorofi, mimi mwenyewe naliuliza kila nikikaa na hawa watu, na nimekaa nao miaka mingi. Nitakujibu kirefu kidogo maana nikikupa jibu la mstari mmoja watakubana tena.

Kwa ufupi tu ni kwamba hiyo katriji ya GeneXpert, ile mashine ya kupima TB unayoiona maabara ya wilaya, haikufika pale yenyewe. Kuna mtu alipigania hela itoke, kuna mwingine alipigania bei ishuke, na kuna aliyepigania sheria isiizuie dawa bandarini. Mtandao wa kanda wa kweli unafanya mojawapo ya hayo. Usiofanya hata moja, basi wanakikundi wako wako sahihi kabisa na hela ingenunua katriji.

Tuanze na hela. Mwaka 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja, Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akasema dunia inahitaji mfuko mkubwa wa kupambana na haya magonjwa, na Januari 2002 ukaanza Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, makao yake Geneva, ndo huu wengi tunauita Global Fund. Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, huu mfuko hauna chanzo chake cha mapato, hautozi kodi mtu yeyote. Kila baada ya miaka mitatu inabidi upite tena kwa serikali za dunia kuomba, na serikali zile zina wabunge, na wabunge wale wana wapiga kura wenye shida zao nyumbani, wengine hawajawahi kumwona mgonjwa wa malaria maishani mwao. Ni nani anaenda kumweleza mbunge wa Tokyo au seneta wa Marekani kwamba akikata mstari huu kwenye bajeti kuna zahanati itakosa dawa?

Hapo ndipo walipozaliwa wale wanaoitwa Marafiki wa Mfuko wa Dunia. Washington walianza 2004, Japani mwaka huohuo, kisha Paris kwa ajili ya Ulaya, Sydney kwa nchi za Pasifiki, Buenos Aires kwa Amerika ya Kusini na Karibiani, na Afrika wakaweka ofisi Lagos. Kila kundi linaongea na watu wa kwao kwa lugha ya kwao. Wajapani kwa mfano wana kamati ya wabunge wa vyama tofauti ambao wanapewa taarifa mara kwa mara na wengine wanaletwa huku Afrika waone kwa macho yao, na Japani ina sababu ya kujiona mzazi wa huu mfuko maana ni kwenye mkutano wa nchi tajiri wa Okinawa mwaka 2000 ndipo Wajapani walipoyaweka magonjwa ya kuambukiza mezani. Ukienda kumwambia mbunge wa Kijapani "hiki ni kitu mlichokianzisha nyie" anakusikiliza tofauti na ukienda kulia njaa tu.

Marekani nako kuna kitu kimoja kizuri kukijua. Sheria yao ya 2003 inasema mchango wa Marekani usizidi asilimia 33 ya michango yote ya Mfuko. Maana yake ni kwamba ili dola moja ya Marekani itoke lazima nchi nyingine zote kwa pamoja zitoe mbili. Kwa hiyo watetezi wa Paris na Berlin na Tokyo wakishindwa, hasara inakuwa mara mbili, hela ya Ulaya haipo na ile ya Marekani nayo inakwama. Ndiyo maana makundi ya kanda hayawezi kufanya kazi kila mtu kivyake, wanapigiana simu usiku kucha kipindi cha michango.

Na sio wasomi wenye suti peke yao. Kuna shirika linaitwa RESULTS, lilianza Marekani 1980, lina watu wa kujitolea, walimu, wastaafu, wanafunzi, hawalipwi, wanakaa jioni wanaandika barua kwa mbunge wao na kwa gazeti la mji wao kuhusu TB, ugonjwa ambao wengi wao hawajawahi kuuona. Mwalimu mstaafu wa mji mdogo Marekani anamwandikia seneta kuhusu mtu wa Muheza asiyemjua, hilo huwa linanipa moyo sana na sioni aibu kulisema.

Sasa utaniuliza, mbona hela zinapungua? Ni kweli zinapungua na hali ni mbaya, tusifichane. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, nadhani hata huko kwenu mliona wahudumu wa miradi wakiambiwa wakae nyumbani. Katikati ya mwaka huohuo Mfuko wa Dunia ukapunguza dola bilioni 1.43 kwenye ruzuku ambazo nchi zilikuwa tayari zinazitumia, yaani mradi uko katikati halafu unaambiwa kata. Novemba 2025 ukafanyika mkutano wa michango Johannesburg, lengo lilikuwa dola bilioni 18, zikaahidiwa bilioni 11.34. Mkutano uliotangulia, wa New York 2022, uliishia kwenye bilioni 15.7.

Lakini haijawa mara ya kwanza. Mwaka 2011 Mfuko uliishiwa hadi ukafuta awamu nzima ya maombi, ile ya 11, nchi zilikuwa zinaandaa maandiko zikaambiwa rudini nyumbani. Mwaka huo ndio ukaanza mtandao wa watetezi unaoitwa GFAN, ukaunganisha makundi ya kaskazini na ya kusini, ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa anapiga kelele upande wake, na tawi la Afrika likalelewa na shirika la WACI Health pale Nairobi. Wakawa wanawapeleka watu waliopona TB, akina mama waliojifungua watoto wasio na VVU, wasimame mbele ya mawaziri waongee wenyewe. Mkutano wa michango uliofuata, Desemba 2013, ulifikisha dola bilioni 12. Siwezi kusema ni wao peke yao, ila waliokuwepo wanajua ile kazi ilifanyika.

Sasa nije kwenye katriji, maana wanakikundi wako wameigusa na hapa ndipo ninapopapenda. Kwa miaka mingi katriji moja ya TB ya GeneXpert nchi zetu ziliuziwa dola 9.98. Madaktari Wasio na Mipaka wakawatafuta wataalamu wachambue gharama za kuitengeneza, ikaonekana ikitengenezwa kwa wingi haifiki hata dola 5. Ikaanza kampeni ya watetezi kutoka mabara mbalimbali, vikundi vya TB, vya UKIMWI, vya haki za wagonjwa, wakasema tunataka dola 5 kwa kipimo. Kampuni inayoitengeneza ikakaa kimya miaka, wao wakaendelea, barua, mabango, maswali kwenye kila mkutano wa TB. Septemba 2023 bei ikashuka hadi dola 7.97. Haikufika 5, na watetezi wanasema vita bado, lakini fanyeni hesabu hapo kikundini, chukueni hela iliyokuwa inanunua katriji 100 kwa bei ya zamani, gawanyeni kwa bei mpya. Mnapata 125. Katriji 25 za ziada kwa hela ileile, kwa kila 100, kila nchi inayonunua. Hakuna pikipiki wala semina ingezileta hizo, na hakuna wilaya moja ingeweza kuishinikiza kampuni ya Marekani peke yake.

ARV nazo ni hivyohivyo, tena zaidi. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilikuwa zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya India, Cipla, ikasema itauza kwa dola 350. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ukatangaza bei ya chini ya dola 45, na hii ni ya kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, ndio hicho mnachomeza. Katikati ya hizo namba kuna watu waliokesha mahakamani na barabarani, kina TAC, watetezi wa matibabu ya VVU wa Afrika Kusini walioanza Desemba 1998 na fulana zao zilizoandikwa wazi kuwa wana VVU wakati watu walikuwa wanapigwa kwa kusema hivyo, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali yao itoe kwa wajawazito nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU.

Na dawa ya TB sugu, bedaquiline, wengine kwenye kikundi chako labda wameitumia. Kabla yake watu walidungwa sindano miezi na miezi na wengi wakabaki viziwi. Wanawake wawili waliopona TB sugu na kupoteza usikivu, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, walipinga kule India kampuni ya Johnson & Johnson kuongezewa muda wa hati miliki ya hiyo dawa, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Machi 2023 ombi la kampuni likakataliwa, na Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza haitadai hati miliki hiyo kwenye nchi 134 za kipato cha chini na cha kati. Waliofungua njia ni watu waliopona TB, kama nyie.

Nikupe na mfano wa jirani kabisa, Kenya, maana huu watu wa kwetu hawausemi sana na ulituhusu wote Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa bandia. Jambo jema, nani anataka dawa feki? Tatizo lilikuwa kwenye tafsiri ya "bandia", iliandikwa kwa upana kiasi kwamba dawa nzuri kabisa, iliyopimwa, ila imetengenezwa na kampuni nyingine tofauti na mwenye jina kubwa, ingeweza kuhesabiwa bandia ikakamatwa Mombasa. Na ARV karibu zote tunazotumia ni za aina hiyo. Mwaka 2009 Wakenya watatu wanaoishi na VVU wakaenda Mahakama Kuu. Fikiria ujasiri wa kusimama na kusema mbele ya nchi nzima mimi nina VVU na sheria hii itaniua. Wakaungwa mkono na wanasheria wa haki za watu wenye VVU na hata mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa wa haki ya afya akaingia kwenye kesi. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vile vinahatarisha haki yao ya kuishi, utu na afya, na vikasimamishwa visitumike kwa dawa hizo. Wakati huohuo Uganda walikuwa na muswada unaofanana na ule, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa inaandaa wake. Watetezi wa nchi hizi walikuwa wanatumiana nakala za miswada na hoja, mtu wa Kampala anasoma cha Nairobi. Kesi ya nchi moja ikawa silaha ya jirani, na kwa macho yangu huo ndio utamu wa kuwa na mtandao wa kanda.

Halafu kuna suala la kiti. Mfuko wa Dunia hauna ofisi nchini, kila nchi ina chombo cha uratibu kinachoandika ombi na kusimamia ruzuku, kwetu ni TNCM, Kenya wana KCM. Kanuni za Mfuko zinataka ndani yake wawemo wanaoishi na haya magonjwa, na wachaguliwe na wenzao kwa njia ya wazi yenye kumbukumbu, asiteuliwe tu na bosi fulani. Hata kwenye bodi ya Geneva, yenye kura 20, jamii zilizoathirika zina kura yao na asasi zisizo za kiserikali zina zao.

Lakini kiti peke yake hakitoshi. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hii, sitaitaja nchi, pembeni yangu yuko mama mwakilishi wa wagonjwa wa TB, kaletewa makabrasha ya kurasa nyingi sana, Kiingereza kitupu, usiku wa kuamkia kikao. Asubuhi ana kalamu na karatasi moja tu aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, majina ya zahanati nne na siku ambazo kila moja ilikosa vikopo vya makohozi. Alipopewa nafasi akasoma ile karatasi taratibu, zahanati hii siku kadhaa, hii wiki nzima. Ukumbi mzima ukaacha kupekua simu. Na mtu wa wizara akaomba ile karatasi apige picha.

Mtandao wa kanda mzuri ni ule unaomsaidia yule mama kabla ya siku ile, unamfafanulia makabrasha kwa lugha yake, unamwambia kifungu gani cha bajeti kinahusu usafirishaji wa sampuli, unamwonyesha wenzake wa Malawi au Zambia waliomba nini wakapata. Arusha pale kuna EANNASO, ambao ndio wamekuwa wakiendesha jukwaa la kuunganisha jamii za nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza na masuala ya Mfuko, na kazi yao kubwa ni hiyo hasa. Kwa malaria kuna CS4ME, imeanza 2018 na inaratibiwa kutoka Kameruni. Afrika Magharibi, mtandao wa ITPC, unaotetea matibabu ya VVU, uliweka waangalizi wa jamii kwenye nchi 11, watu wanaoishi na VVU wenyewe wakawa wanaingia vituoni wanaandika dawa zilizokosekana na majibu ya vipimo yaliyochelewa, halafu data za nchi zote zikawekwa pamoja. Waziri mmoja anaweza kubisha malalamiko ya mtu mmoja, kubisha takwimu za nchi 11 zinazosema kitu kilekile ni kazi.

Sasa udhaifu wao, maana upo. Wengi wanaishi miji mikuu. Wengi wanategemea wafadhili walewale wanaotakiwa kuwakosoa, na hilo linawafunga mdomo mara nyingine. Wapo wanaokuja kuchukua hadithi yako, wanakupiga picha na kopo la dawa, wanaondoka na picha inaonekana kwenye ripoti na wewe hujui ilisema nini. Hilo linaniudhi kuliko yote. Kwa hiyo wakija tena waulizeni bila kuogopa: nani anawalipa? Taarifa tuliyowapa mara ya mwisho mliipeleka kikao gani, na jibu lilikuwa nini? Nani kutoka ngazi ya wilaya aliwahi kukaa kwenye bodi yenu? Mtandao wa kweli hautakasirika kuulizwa. Ukiona wanazungusha maneno, shukuruni kwa soda na mwendelee na kazi zenu.

Na jambo jingine, msikubali utetezi uwe wa kuomba nje tu. Palepale Abuja 2001 marais wetu waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya na nchi nyingi hazijafika. Zimbabwe tangu 1999 wana tozo ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI, nchi yenye matatizo makubwa ya uchumi na bado wameing'ang'ania. Sisi tuna Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI kisheria tangu 2015, hebu waulizeni hao wa mtandao wanafanya nini kuhusu huo, jibu lao litawaonyesha ni watu wa aina gani.

Kwa nyie Muheza ningefanya hivi. Chukueni daftari la kawaida la kaunta, mchoreni safu, tarehe, kituo, kilichokosekana, kimekosekana siku ngapi, mgonjwa aliambiwa nini. Jina la mgonjwa msiandike popote. Muwe na watu wawili kila kata wanaojaza. Kila mwisho wa mwezi nakala moja kwa mratibu wa TB wa wilaya, na muongee naye vizuri maana mara nyingi yeye naye analia na shida hiyohiyo, karatasi yenu inampa nguvu akienda kwa mganga mkuu. Nakala nyingine kwenye Konga ya WAVIU, yaani umoja wa watu wanaoishi na VVU wa wilaya, ili ipande hadi baraza lao la taifa, NACOPHA, na kwa watu wa MKUTA, asasi ya waliougua TB. Kabla halmashauri haijafunga mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao mtafuteni diwani mmoja mwenye masikio, mpeni jumla ya miezi mitatu, ukurasa mmoja tu usizidi.

Halafu hapo ndo mnajiunga na mtandao wa kanda, mkiwa na daftari mkononi. Fedha zilizoahidiwa Johannesburg ni chache, kila nchi itabidi ichague nini kibaki na nini kikatwe, na kwa nilivyoona miaka yote, vitu vya jamii, kufuatilia waliopotea kwenye dozi, nauli ya sampuli, posho ya wahudumu wa kujitolea, ndivyo vinavyokatwa kwanza. Mwambieni mwakilishi wenu kwenye TNCM kwa maandishi kwamba mnataka kuona rasimu ya ombi kabla haijaondoka, kwa Kiswahili. Kama hamumjui ni nani, andikeni sekretarieti yao muulize jina lake na alichaguliwa lini. Mkipata jibu, au msipopata, niandikie nijue, nina watu wa kuwauliza.